Makadirio

Kazi yangu ndogo: nachapa karatasi
inayosema huzuni yako itagharimu kiasi gani.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitasa,
Duluth, Minnesota. Dirisha linatazama gati
ambako meli za madini zimelala ndani ya barafu
tangu Januari.

Jumatatu, saa tatu na robo, akaingia Orrin Lahti,
dereva wa gari la kusukuma theluji,
buti zikimwaga maji kwenye zulia.
Haketi. Kofia mkononi, kama aliyeitwa polisi.
Anauliza choo kiko wapi,
anauliza kama maegesho yanalipiwa,
anauliza kila kitu isipokuwa kile kimoja.
Nawajua. Mdomo unaozunguka hivyo
unatafuta bei na unaona haya.

Nikamwambia: hii ni haki yako, si fadhila yetu.
Huna bima; basi kabla hujafungua moyo
sisi tutangulie kufungua daftari.

Akaisoma kwa kidole.
Kikao cha kwanza, dola mia na tisini.
Vinavyofuata, ishirini na vitatu,
kila kimoja mia na arobaini.
Jumla, elfu tatu mia nne na kumi.
"Ishirini na vitatu," akasema. "Nani kanihesabia?"

Swali la haki. Bi Ostrowska hajamwona bado.
Amekisia, kama seremala anavyotazama ubao
kabla ya kutaja misumari.

"Na nikikaa kimya? Dakika kumi nisiseme neno,
nazilipia?"
"Unazilipia. Kimya na maneno bei yake moja."
Akacheka, cheko fupi kama kikohozi.

Kisha akaketi.
"Mwaka juzi," akasema, "gari la wagonjwa
lilinibeba maili nne. Bei niliijua baada ya wiki sita.
Nilikuwa chali, nimefungwa mikanda.
Ningemuuliza nani? Dari?"

Sikumjibu. Nilikuwa Toledo, jikoni kwa mama.
Baada ya kaka yangu, mama alikwenda mara tatu
kwa mtu wa kumsikiliza.
Mara ya nne haikuwepo.
Bahasha ilifika, ile yenye kidirisha,
jina lake likichungulia kama mtu aliyefungiwa nje.
Akaichomeka nyuma ya kibaniko cha mkate.
Haikufunguliwa. Ikaja ya pili. Ya tatu ikawa na wekundu.
Tangu siku ile kila aliposema "niko sawa"
nilisikia mtu akihesabu sarafu.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
walisema waliotutangulia,
na hawakusema lolote kuhusu machozi.

Orrin amefika chini, kwenye herufi ndogo:
ankara ikizidi makadirio haya kwa dola mia nne au zaidi,
unaweza kuipinga. Akairudia.
"Redio hutuambia inchi sita," akasema,
"zikashuka kumi na mbili. Sina ugomvi na redio.
Walau ilisema kitu, nikajua sepetu gani nibebe."

Akaomba tupunguze. Wiki moja aje, moja asije.
Nikachapa upya: elfu moja mia saba na thelathini.
Mashine ikakwama, nikaipiga ubavuni, ikatema.
Kisanduku cha ugonjwa kilibaki wazi.
Hakuniambia alichokiona barabarani usiku ule,
wala si kazi yangu kujua.
Aliikunja karatasi mara nne,
akaitia mfuko wa ndani, upande wa leseni,
akasema jina lake tena, kwa sauti, bila kuulizwa,
akaingia.

Mlango ukafungwa.
Dakika tano. Nane.
Kwenye zulia maji ya buti yanakauka taratibu.
Sisikii kitu, na kuta zimejengwa nisisikie,
lakini naapa alikuwa kimya mle ndani,
kimya kizito, cha starehe,
cha mtu anayejua bei yake.